Kipimo Nje ya Kitanzi

Binamu Lali alinifunza kwa simu, sauti ikikatika:
anza na *kama*, ufuatishe *basi*,
na ukimaliza, lile neno la kwanza uligeuze,
uliandike kinyumenyume, ndipo mlango ufungike.
Nikacheka. Nikamwambia, hii ni adabu ya msikitini,
mguu wa kulia kuingia, wa kushoto kutoka.
"Ndivyo. Na uache nafasi baina ya bano na neno.
Mashine hii ina kiburi, ukiibana haikusikii."

Na jambo jengine: sifuri ndiyo salama.
Mimi ambaye sifuri ya hesabu iliniliza darasa la sita!
Huku ndani, amri ikitoka na sifuri imetoka na heri;
ikitoka na moja, rudi ukasome ulichoandika;
ikitoka na mia na ishirini na saba,
ujue hata jina lake umelikosea.

Nyumba yetu ipo Kuze, ghorofa nne,
kisima uani, maji yake yana munyu,
tangi juu ya paa, na pampu moja
ambayo baba aliiamkia saa nane za usiku
miaka kumi na mmoja,
saa ambayo umeme una nguvu na majirani hawana neno.
Nilitaka alale.
Nikaunga waya, nikaifungua kompyuta ya kale
isiyo na kitufe cha Q
(Kiswahili hakikumbuki kukihitaji)
nikaandika:

    pima maji
    wakati maji hayajafika mia
        washa pampu
        lala sekunde sitini
    mwisho wa kitanzi
    zima pampu

Soma tena. Mimi sikusoma tena.
Nililala kama mwenye kulipwa.

Saa kumi na robo, adhana bado,
ngazi zetu zilikuwa mto.
Makubadhi ya Bi Thureya yalielea hadi chini,
la kulia likitangulia,
unga wake wa mofa umekuwa uji guniani,
naye mlangoni kwetu na mwiko:
"Sauda! Hiyo kompyuta yako yatuosha maiti
nasi tungali hai!"

Vidole viwili, kitanzi kikakatika.
Skrini ilikuwa imetulia, haina kosa la kunionyesha.
Ilikuwa imetii.
Nililipima tangi mara moja, magharibi,
likasema thelathini na mbili,
na usiku kucha, kila dakika, mashine ikajiuliza:
thelathini na mbili imefika mia?
Haijafika. Washa.
Thelathini na mbili imefika mia?
Haijafika.
Maji yamejaa, yamemwagika, yamebisha hodi kwa watu,
yeye kashikilia namba ya magharibi
kama shahidi aliyekaririshwa.

Nikaunakili mstari wa kwanza,
nikaupachika ndani ya kitanzi, chini ya usingizi.
Ufundi wote ulikuwa huo.
Unga niliulipa kwa miezi miwili.

Baadaye nikaongeza: kisima kikikauka, vunja kitanzi, toka na moja.
Umeme ukikatika, ngoja.
Na kwa lolote nisilolifikiria, nyota,
alama inayompokea kila mgeni
aliyekosa jina kwenye orodha.

Sasa tangi hujaa, pampu huzima, sifuri kila usiku.
Na kila usiku saa nane nasikia mlango wa paa.
Baba, kikoi kiunoni, tochi mdomoni,
anagonga tangi kwa kifundo cha kidole,
chini, katikati, juu,
anasikiliza, anashuka.

"Baba, lajipima lenyewe."
"Najua."

Kesho yake anapanda tena, anagonga tena.
Miaka kumi na mmoja,
sijamwona hata mara moja
akiitumia sauti ya jana.